Kabla ya Ziwa Kulikuwa na Ukara

Itaje Ukerewe, wilaya ya visiwa ndani ya Ziwa Victoria, mbele ya watu wa Dar es Salaam, na mazungumzo yataelekea sehemu mbili: samaki au ajali ya kivuko. Samaki, kwa sababu dagaa wa ziwani wanapimwa kwa kopo kuanzia Kariakoo hadi Mbagala, na sato anafika kwenye majokofu ya Sinza akiwa mgumu kama jiwe. Ajali, kwa sababu ya tarehe 20 Septemba 2018, siku kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu kabisa na gati la Bwisya kisiwani Ukara na kuua watu 228. Nje ya hayo mawili, visiwa vile tumeviweka kichwani kama vipande vya nchi vilivyotupwa majini, vinavyosubiri serikali ivifikie. Picha hiyo ina kasoro, na kasoro yake imetugharimu. Ili kuiona inabidi tuanzie chini kabisa, kwenye mwamba.

Sisi wa Dar tumejenga juu ya ardhi changa. Msasani na Oysterbay zimekaa juu ya matumbawe yaliyoachwa na bahari, mawe yenye miaka laki chache tu. Kwa hesabu za wanajiolojia huo ni umri wa mtoto mchanga. Miamba ya Ukerewe na Ukara ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ni sehemu ya kratoni ya Tanzania, kile kiini cha kale cha bara kinachoshika katikati ya nchi, Dodoma na Singida, kikapanda hadi Mwanza, Geita na Mara. Dhahabu inayochimbwa Geita imo katika mikanda ya miamba ya kratoni hiyohiyo. Kwa hiyo tunapozungumzia visiwa hivi tunazungumzia moja ya sehemu kongwe kabisa za nchi yetu, ardhi iliyokuwepo kabla samaki wa kwanza hajaogelea katika bahari yoyote duniani.

Sehemu kubwa ya mwamba huo ni granaiti. Ilianza ikiwa mawe yaliyoyeyuka, yakapoa polepole kilomita kadhaa chini ya ardhi, kisha mvua na upepo vikala kilichokuwa juu yake kwa muda mrefu kupita kiasi hadi granaiti ikatoka nje. Ilipotoka ikapasuka. Maji yakaingia kwenye nyufa, yakaanza kuozesha jiwe kutoka pembeni, na pembe ndizo zinazooza kwanza. Ndiyo maana unapofika Mwanza unakutana na mawe ya mviringo yaliyobebana, mengine makubwa kuliko nyumba, kama lile la Bismarck linaloonekana kwenye picha za watalii. Ukara nako kuna jiwe maarufu ambalo wenyeji huliita jiwe linalocheza, na wageni hupelekwa kulitazama. Heshima ya wenyeji kwa jiwe lile ni ya kwao na sina neno juu yake. Kwa upande wa jiolojia, mawe ya namna hiyo hubaki pale udongo laini uliokuwa ukiyazunguka unaposombwa, na jiwe gumu la katikati likaachwa limesimama kwenye kitako kidogo.

Chukua kipande cha granaiti hiyo ukitazame kwa karibu. Utaona chembe nyeupe au za waridi, chembe zinazong'aa kama chupa, na vijipande vyeusi vyembamba vya ulanga. Chembe za waridi huoza na kuwa udongo wa mfinyanzi, ambao mvua huuchukua na kuushusha ziwani. Zile zinazong'aa, kwatzi, haziozi. Zinabaki shambani zikiwa mchanga. Naomba msomaji aliweke hili akilini, kwa sababu maisha yote ya Mkara, kilimo chake, safari zake na hata msiba wa 2018, yamesimama juu ya mchanga huo.

Sasa tuje kwenye ziwa. Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake wa kilomita za mraba 68,800 hivi, lina umri wa takriban miaka 400,000. Lilizaliwa pale ardhi ya upande wa magharibi, ukingoni mwa Bonde la Ufa la Magharibi, ilipoinuka na kuzuia mito iliyokuwa ikielekea huko, Kagera ikiwamo. Maji yakakosa njia, yakarudi nyuma, yakatandaa juu ya tambarare. Hivyo ziwa hili ni pana lakini si la kina. Pale lilipo refu kabisa kwenda chini ni mita 80 hivi, wakati Tanganyika inapita mita 1,400. Ni maji yaliyofunika nchi ya mabonde na vilima, na vilima virefu vikabaki vimetoa vichwa. Vichwa hivyo ndivyo Ukerewe, Ukara, Irugwa na vingine vyote vinavyounda wilaya ile ya visiwa 38.

Tena maji hayo yaliwahi kuondoka. Watafiti walipotoboa mashapo ya chini ya ziwa, hata kwenye sehemu zake za kina zaidi, walikuta tabaka la udongo mkavu na mabaki ya mimea ya nchi kavu. Karibu miaka 17,000 iliyopita, katika ukame mkubwa wa mwisho wa zama za barafu, ziwa lote lilikauka. Mtu angeweza kutoka ilipo Mwanza akatembea hadi ilipo Entebbe bila kulowana zaidi ya magoti. Ukara wakati huo ulikuwa mlima wa mawe katikati ya mbuga, na watu wa zama za mawe walikuwa tayari wanaishi na kuwinda Afrika Mashariki. Maji yakarudi miaka 15,000 hivi iliyopita. Zile aina zaidi ya 500 za furu, samaki wadogo wa ziwa hili, ambazo wanabiolojia wa dunia nzima huzistaajabia zimejitokeza ndani ya muda huo mfupi.

Kwa hiyo anayesema visiwa hivi vimejitenga na bara amegeuza mambo. Bara limo chini ya visiwa na linaendelea chini ya maji, mwamba uleule. Maji ndiyo yaliyokuja, yakaondoka, yakarudi.

Historia ya watu nayo inakataa picha yetu ya pembezoni. Kwa masimulizi ya koo za Wakerewe, ukoo wa Wasilanga ulikuja kutoka Ihangiro, upande wa Buhaya, ukakuta watu kisiwani na kusimika utawala wa omukama, yaani mfalme. Omukama alibeba mzigo ambao kiongozi yeyote wa leo angeukimbia: alihesabiwa kuwa ndiye mwenye mvua. Ikikosekana au ikizidi, kiti chake kilitikisika. Mimi hili naliona kuwa jambo la kiuchumi kuliko la imani tupu. Kwenye ardhi ya mchanga, mvua ikichelewa wiki chache mazao yanakauka kwa sababu hakuna udongo wa kushika unyevu, na mvua ikizidi inasomba hata kile kidogo kilichopo. Wananchi wa Ukerewe walimwajibisha mtawala kwa kitu kilichoamua kama watakula.

Katika karne ya 19 Ukerewe ilikuwa imeshaingia kwenye biashara ya pembe za ndovu iliyopita Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, hadi pwani. Mpelelezi Mwingereza Speke alipolitazama ziwa kutoka upande wa Mwanza mwezi Agosti 1858, wafanyabiashara wa pwani tayari walikuwa wakilitaja kuwa ni ziwa la Ukerewe. Kwao kisiwa kile ndicho kilichokuwa alama ya maji yote yale. Mwaka 1875 mpelelezi mwingine, Stanley, alipotaka kuuvusha msafara wake kwenda Buganda, alikwenda kuomba mitumbwi kwa Omukama Lukonge. Miaka miwili baadaye, Desemba 1877, mgogoro kati ya Lukonge na Songoro, mfanyabiashara kutoka pwani aliyekuwa akiunda majahazi kisiwani, uliishia kwa damu. Songoro aliuawa, pamoja na wamisionari wawili Waingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliosimama upande wake. Vitabu vya wamisionari viliwalilia wale wawili. Mimi ninayeandika kutoka pwani namfikiria zaidi Songoro. Alipeleka ufundi wa majahazi wa Bahari ya Hindi hadi kwenye maji baridi, akaishi humo, akafanya biashara humo, na jina lake halitajwi katika somo lolote tunalowafundisha watoto kuhusu pwani na bara.

Hata wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kisiwa hiki kilikuwa na uzito wake. Waingereza walikiteka mwaka 1916, na mojawapo ya sababu ilikuwa mpunga wake, uliokuwa ukiwalisha askari wa Kijerumani.

Nimwongeze Aniceti Kitereza. Mkerewe huyu alimaliza riwaya yake ndefu kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kuichapisha, mwishowe akaitia mwenyewe katika Kiswahili. Dar es Salaam, kupitia Tanzania Publishing House, iliitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki. Miaka 35 kati ya kumaliza na kuchapishwa ni muda mrefu mno kwa jiji kumsikiliza mtu.

Turudi Ukara sasa, kwa sababu huko ndiko ninakotaka msomaji akae zaidi. Ni kisiwa cha kilomita za mraba 80 hivi, kaskazini mwa Ukerewe. Udongo wake ni ule mchanga niliousema. Kwa kanuni za kawaida, ardhi ya namna hiyo inatakiwa ilimwe miaka miwili mitatu kisha ipumzishwe miaka mingi. Wakara hawakuwa na nafasi ya kuipumzisha. Katikati ya karne ya 20 walikuwa zaidi ya watu 200 kwa kila kilomita ya mraba, wakilima kila mwaka, shamba lilelile, kwa vizazi, na shamba halikufa.

Siri yake ilikuwa kazi. Ng'ombe wa Mkara hawakuachwa wazurure. Walikaa ndani ya nyumba, kwenye shimo lililochimbwa sakafuni, na kila siku watu walibeba majani kuwaletea. Majani waliyoyakataa yaligeuka malalo, yakachanganyika na mavi na mkojo, shimo likajaa taratibu hadi ng'ombe akapanda juu kuwa sawa na sakafu. Kisha samadi ikachimbuliwa na kupelekwa shambani kichwani, kapu kwa kapu. Katikati ya mistari ya uwele walipanda marejea, mmea wa jamii ya kunde unaorutubisha udongo. Uwele ukivunwa, marejea yaliendelea kukua, halafu yakafukiwa yakiwa mabichi ili yaupe mchanga rutuba. Katika mzunguko huo ziliingia njugu mawe. Ufukweni walichimba vishamba hadi karibu na usawa wa maji ili majani ya mifugo yapate unyevu hata kiangazi. Miti ilikuwa na mwenyewe, mmoja mmoja, kwa sababu majani yake nayo ni chakula cha ng'ombe. Mteremko ulijengewa matuta ya mawe.

Maofisa kilimo wa mkoloni, ambao kwa kawaida walikwenda vijijini kuwaambia Waafrika kwamba wanaharibu ardhi, walikwenda Ukara wakaishiwa maneno. Thornton na Rounce walichapisha maelezo ya kilimo hicho mwaka 1936, na tangu hapo Ukara imetajwa katika maandishi ya kilimo cha kitropiki kila mahali. Mjini kwetu hapa semina za kilimo hai hufanyika hotelini, watu wakaoneshwa picha za mboji kutoka nchi za mbali, na sijasikia Ukara ikitajwa hata mara moja.

Lakini nisipotoshe. Kuna watu wanaopenda kuyasifu mambo haya kama hekima ya mababu, wakaishia hapo. Hekima ile ilikuwa na bei, na aliyeilipa ni mgongo wa mkulima, mara nyingi mgongo wa mwanamke. Utafiti uliofanywa Ukara miaka ya 1960 ulionesha kwamba mavuno kwa kila saa ya kazi yalikuwa madogo, na kwamba Mkara aliyehamia bara, kwenye ardhi tele, aliacha shimo la ng'ombe na marejea, akalima kama majirani zake wapya. Hakuwa mvivu wala hakusahau mila. Alipiga hesabu. Kilimo kile kilikuwa jibu la watu waliobanwa na maji pande zote, juu ya mwamba unaozaa mchanga. Anayetaka kukirithi leo inabidi atafute namna ya kupunguza mzigo: mikokoteni, malisho bora, bei ya mazao inayolipa jasho.

Kilichotokea badala yake ni sangara. Aliingizwa ziwani kati ya miaka ya 1950 na 1960, akazaliana kwa kishindo miaka ya 1980, akala furu wa aina nyingi hadi wengine wakatoweka. Viwanda vya minofu vikafunguliwa Mwanza, vijana wakaacha jembe wakafuata nyavu, na baadaye mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara, yakawa na bei kuliko nyama yenyewe. Fedha ziliingia kweli, nani atakataa. Ila nguvu kazi iliyokuwa ikijaza shimo la samadi ilihamia mwaloni, na mchanga haungoji. Samaki walipoanza kupungua na masharti ya uvuvi kukazwa, wengi walirudi kwenye mashamba yaliyokwisha kudhoofika, wakayajaza mihogo, nayo magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia yakawakuta hukohuko.

Hesabu ya watu nayo haijasimama. Sensa ya 2012 ilihesabu zaidi ya watu 345,000 katika wilaya ya Ukerewe, ambayo nchi kavu yake ni kilomita za mraba 640 hivi. Huo ni msongamano wa zaidi ya watu 500 kwa kilomita moja ya mraba, watu ambao wengi wao bado wanategemea kulima.

Hapo ndipo ninapoiona ajali ya MV Nyerere kwa namna nyingine. Ilikuwa siku ya gulio Bugolora, upande wa Ukerewe. Watu wa Ukara walikuwa wamekwenda kununua na kuuza, na walikuwa wakirudi na mizigo yao kwenye chombo kilichopimwa kubeba abiria 101. Tuliojadili msiba ule Dar, redioni na vijiweni, tulizungumza juu ya nahodha, tiketi na uzembe. Yote yalistahili kusemwa. Lakini kisiwa ambacho ardhi yake haiwezi tena kulisha watu wake peke yake kitatoka kwenda gulioni kila wiki, hakina budi, na kikiwa na chombo kimoja kitapanda hicho kimoja. Msongamano ule gatini ulianza shambani, miaka mingi kabla ya Alhamisi ile. Aliyepanga usafiri wa Ukara bila kujua udongo wa Ukara alihesabu abiria vibaya tangu mwanzo.

Ziwa nalo haliko kimya. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda karibu mita mbili na nusu. Likashuka sana 2005 na 2006, kwa ukame na kwa maji mengi yaliyofunguliwa kwenye mabwawa ya umeme kule Jinja, Uganda. Mwaka 2020 likapanda hadi kiwango cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimepimwa hadi wakati huo. Mialo ikafunikwa, nyumba za ufukweni zikaingiliwa. Kwa kisiwa kidogo, mita moja ya maji si habari ya hali ya hewa tu. Ardhi nzuri ya Ukara iko chini, ukingoni, palipokusanyika udongo mwororo ulioshuka kutoka juu, na hapohapo ndipo maji yanapopanda kwanza. Gati lililojengwa kwa kipimo cha mwaka mmoja linaweza kuwa chini ya maji mwaka mwingine. Takwimu za viwango vya ziwa zipo, zimeandikwa tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mhandisi wa gati asiyezisoma hana kisingizio.

Tangu Juni 2025, daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa, lenye urefu wa takriban kilomita 3, nasikia watu wakiuliza lini litajengwa la Ukerewe, kutoka Kisorya kwenda Rugezi. Naliunga mkono swali hilo kwa moyo wote. Mlango wa Rugezi ni maji membamba, na magari yanayosubiri kivuko pale yamebeba machungwa, wagonjwa na wanafunzi. Ila daraja la Rugezi linaishia Ukerewe. Kati ya Bugolora na Bwisya kuna ziwa wazi, na Mkara ataendelea kuvuka kwa chombo kwa miaka mingi ijayo. Anahitaji vivuko viwili vinavyopishana, si kimoja, na siku ya gulio kiongezwe cha tatu. Anahitaji bwana shamba anayejua marejea na anayekuja na mkokoteni. Na walimu wa jiografia wa Temeke na Kinondoni, ambao wanafunzi wao wanakariri mashamba ya maziwa ya Denmark na ngano ya Canada, waanze somo la kilimo cha kudumu na Ukara.